Simu Iliyopangwa kwa Ajili ya Mtu Mwingine

Mhadhara kwa wakazi wa Sapiwi, Bariadi, mkoani Simiyu

Mada yetu ni namna ya kuifaidi zaidi simu janja. Mara nyingi mada hii huzungumzwa kwa kutaja orodha ya programu za kupakua, au kwa kushauri simu ipi inunuliwe mwaka huu. Nataka kutetea hoja nyingine. Simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu zina uwezo wa kutosha kwa karibu kila kazi tunayoihitaji, lakini zimetoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa ajili ya mtu ambaye si sisi. Mtu huyo ana umeme usiku na mchana. Intaneti ya nyumbani kwake huilipia mara moja kwa mwezi bila kuhesabu megabaiti, mnara uko jirani naye, Kiingereza anakisoma bila taabu, na simu yake haishikwi na mtu mwingine. Mkulima wa pamba wa hapa hujiunga bando la siku au la wiki, huchaji kwa sola au kwa jirani, hutafuta mtandao penye muinuko, na simu yake hupita mikononi mwa watoto, mke au mume, na mdogo wake. Simu ile ile moja, katika mikono hii miwili, ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo kabla ya kununua au kupakua chochote, mwenye simu anapaswa kuupangua mpangilio aliopewa na kuupanga upya ulingane na maisha yake. Ushauri wote utakaofuata hapa unatoka katika hoja hiyo.

Huenda mtu akaona kwamba naupa mpangilio wa kiwandani uzito usiostahili, kwa kuwa kila mtu yuko huru kuubadilisha. Uhuru huo upo, ila binadamu hawautumii. Mwaka 2003 watafiti wawili, Eric Johnson na Daniel Goldstein, walichapisha utafiti kuhusu watu waliokubali kutoa viungo vyao baada ya kufa katika nchi za Ulaya. Ujerumani, ambako asiyejaza fomu alihesabiwa kuwa amekataa, waliokubali walikuwa asilimia 12. Austria, ambako asiyejaza fomu alihesabiwa kuwa amekubali, walikuwa asilimia 99.98. Nchi hizo ni majirani, lugha yao ni moja, na tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuelezwa kwa wema wa watu wa upande mmoja. Watu waliiacha fomu ilivyokuwa. Jambo hili lina maana kubwa zaidi katika simu, maana wenye kampuni wanalijua na wanalilipia. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ilielezwa mahakamani kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili huduma yake ya kutafuta iwe ndiyo inayokutwa tayari kwenye simu na vivinjari. Hakuna mfanyabiashara anayelipa fedha kama hizo kwa ajili ya kitu ambacho wateja hukibadilisha kwa urahisi. Ukiikuta simu yako imepangwa namna fulani, jua kwamba yupo aliyenufaika na mpangilio huo, na mara nyingi aliyenufaika hakai Bariadi.

Tuanze na bando, kwa kuwa hapo ndipo fedha zinapotoka kila siku. Watu husema bando linaliwa, kana kwamba kuna mwizi asiyeonekana, kumbe hesabu yake iko wazi. Herufi moja ya Kiswahili inayoandikwa kwenye ujumbe huchukua takriban baiti moja, hivyo ujumbe wenye herufi 1,000 ni kama kilobaiti moja. Ukurasa wa maandishi wenye herufi 1,500 ni kilobaiti moja na nusu. Picha moja ya megabaiti 3, ambayo ni ya kawaida kwa kamera za simu za leo, ina uzito sawa na kurasa 2,000 za namna hiyo. Video inayopita kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Ukiipunguza hadi robo ya kasi hiyo, itakula zaidi kidogo ya megabaiti 112. Hesabu hii inatufundisha kwamba anayejaribu kubana matumizi kwa kuandika ujumbe mfupi anahangaika bure, ilhali anayezuia video na picha zisijifungue zenyewe amemaliza karibu kazi yote. WhatsApp hutoka ikiwa imepangwa kupakua picha zote zinapoingia, na ukiwa kwenye Wi-Fi inapakua na video na nyaraka pia. Ukiwa katika kundi la ukoo, la kanisa, la kikoba na la shule, kila salamu ya asubuhi yenye picha ya maua huingia kwa fedha yako, uifungue usiifungue. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, mahali pa hifadhi na data, uzime upakuaji wa kujiendesha kwa kila aina ya faili. Picha zitaendelea kufika zikiwa na ukungu, na utaigusa ile unayoitaka tu.

Hapo pana mtego mmoja ambao haujulikani sana. Kijana akimwomba mwenzake hotspoti, simu yake wakati mwingine huiona ile hotspoti kama Wi-Fi ya nyumbani isiyo na kikomo. Papo hapo programu zilizokuwa zikisubiri zinaanza kujisasisha, picha za mwezi mzima zinaanza kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na video za makundi zinashuka. Aliyeombwa megabaiti chache kwa ajili ya kuangalia matokeo ya NECTA anashangaa bando lake la wiki limekwisha, na urafiki unaingia doa kwa kosa ambalo hakuna kati yao aliyelikusudia. Dawa yake ipo: kwenye Android, ukishaunganishwa, fungua maelezo ya mtandao huo na uiambie simu kwamba una kipimo. Pia washa kile kinachoitwa Kiokoa Data, ambacho huzizuia programu usizozitumia kwa wakati huo zisitumie intaneti chinichini. Ukitaka kujua mla bando ni nani, usibahatishe. Sehemu ya matumizi ya data huorodhesha kila programu na kiasi ilichokula tangu mwezi uanze. Na lugha yenyewe ya mipangilio ibadilishe iwe Kiswahili. Wengi hawajawahi kuigusa kwa sababu tu maneno yake ni ya Kiingereza, ilhali Android na WhatsApp zote zinazungumza Kiswahili.

Chaji nayo ina hesabu zake. Kioo ndicho mlaji mkubwa unayemwona, na mwanga wake ukipunguzwa hadi kiwango kinachotosha kusoma, saa zinaongezeka. Mlaji usiyemwona ni redio ya simu. Mahali penye mtandao hafifu simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili mnara wa mbali uisikie, na laini isiyopata mtandao kabisa huendelea kutafuta bila kuchoka. Mwenye laini mbili ambazo moja haikamati kijijini kwake azime hiyo moja kwenye mipangilio mpaka atakaposafiri. Anayekwenda shamba lisilo na mtandao aweke hali ya ndegeni. Simu iliyokuwa ikifika mchana ikiwa imezima itarudi jioni ikiwa na chaji. Kuhusu maisha ya betri yenyewe, adui yake mkuu ni joto. Betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa na joto kali huku zimejaa, kwa hiyo usiiache simu juani pembeni ya paneli ya sola, wala usiichaji chini ya mto au karibu na bati la moto. Paneli ikae juani na simu ikae kivulini, waya utafika.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha matumizi mazuri ya simu katika nchi kama yetu ya Usukuma. Wazee wetu walikuwa na ngitili. Majani yalipokuwa mengi wakati wa mvua walitenga eneo, wakalizuia lisilishwe, wakalifungua kiangazi kilipobana. Ngitili nyingi zilipotea, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ukazirudisha pamoja na miti yake kwa kuutumia ujuzi ambao wenyeji walikuwa nao tayari. Simu inahitaji ngitili. Mtandao hapa una masika na kiangazi chake ndani ya siku moja: mjini Bariadi siku ya gulio unakamata vizuri, usiku wa manane vifurushi vya usiku huuzwa kwa bei nafuu, halafu mchana uko shambani huna kitu. Mpangilio wa kiwandani unamfundisha mtu kuchunga siku kwa siku, yaani kila anapotaka kitu akakitafute mtandaoni saa ile ile na kukilipia tena na tena. Mwenye akili hutenga mapema. Ramani za Google zinaruhusu kupakua eneo lote, tuseme mkoa wa Simiyu na njia ya kwenda Mwanza, na baada ya hapo ramani inafanya kazi bila bando. Simu hupokea tu ishara za satelaiti ili kujua ilipo, na ishara hizo hazilipiwi. Dereva wa bodaboda anayepeleka mgonjwa mahali asipopajua usiku anaelewa thamani ya jambo hilo.

Ngitili hiyo ina mengi ya kuwekwa. Taasisi ya Elimu Tanzania (TIE) ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na mwanafunzi mwenye simu ya mzazi anaweza kusoma kitabu ambacho shuleni kinagombaniwa. Programu iitwayo Kiwix inaweza kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 70,000, ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu, na ikishapakuliwa mara moja haihitaji intaneti tena. Kwa mkulima ipo Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na FAO na taasisi ya utafiti ya IITA. Unaielekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakusaidia kutambua batobato na michirizi kahawia. Kwenye mahindi inatambua uharibifu wa viwavijeshi vamizi. Inafanya kazi bila mtandao, na inazungumza Kiswahili. Haikutengenezwa kwa ajili ya funza wa vitumba kwenye pamba, na asije mtu akapiga dawa shamba la pamba kwa kuitegemea. Kwa pamba bado ni afisa ugani. Lakini ni ushahidi mzuri wa hoja yangu. Walioibuni walianza na mkulima asiye na bando, na matokeo yake ni kitu kinachotumika hapa bila marekebisho yoyote.

Zilikuwepo pia ngitili za jamii, na simu inaziruhusu. Faili likishapakuliwa na mtu mmoja linaweza kupita kwenda simu nyingine kwa Bluetooth au kwa Quick Share bila kutumia hata kilobaiti ya bando. Darasa la wanafunzi arobaini halihitaji kupakua kitabu mara arobaini. Mwalimu mmoja akitumia bando la usiku, asubuhi kitabu kinaweza kusambaa kwa wote wenye simu nyumbani. Inasikitisha kuona vijana wanaorushiana nyimbo na filamu kwa njia hii kila siku wakiwa hawajafikiria kurushiana notisi za Fizikia.

Kuna kazi nyingine ambazo simu inazifanya bila mtandao wowote na ambazo tunazidharau. Kamera ni mojawapo. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwenye karatasi inayoitikia joto, na maandishi yake hufifia ikikaa miezi michache juani au mfukoni. Mkulima aliyepeleka pamba kwenye AMCOS, yaani chama chake cha ushirika wa mazao, akapokea risiti ya kilo zake na kuihifadhi kwenye kopo, anaweza kulifungua kopo na kukuta karatasi nyeupe. Aipige picha siku ile ile, mezani, kabla hajaondoka kwenye mizani. Picha hiyo hubeba tarehe na saa, na akilalamika juu ya malipo atakuwa na cha kuonyesha. Mzee ambaye macho yamepungua atumie kamera hiyo hiyo kukuza maandishi madogo ya chupa ya kiuatilifu, maana kipimo cha dawa kikikosewa, shamba linaharibika na afya ya mpigaji inakuwa hatarini. Ujumbe wa sauti nao unastahili heshima kuliko tunavyoupa. Hauchagui lugha wala hauulizi kama mtu alikwenda shule. Bibi asiyesoma anaweza kumweleza mwanawe aliyeko Dar es Salaam habari nzima kwa Kisukuma safi, na mwanawe akaisikiliza atakapopata nafasi.

Suala la usalama linaugusa mpangilio wa kiwandani kwa namna nzito zaidi, kwa kuwa hapa mtu anaweza kupoteza heshima pamoja na fedha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Wengi wanakumbuka jinsi programu za namna hiyo zilivyofanya kazi: mtu alikopa fedha kidogo kwa dakika chache, akachelewa kulipa, kisha mkwewe, mwalimu wa mtoto wake na mchungaji wake wakaanza kupokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Wadai walipata wapi namba hizo? Mkopaji aliwapa mwenyewe. Programu ilipofunguliwa mara ya kwanza iliuliza ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu, naye akabonyeza kukubali kwa sababu alitaka kuendelea. Kila programu huomba ruhusa, na swali la kujiuliza ni moja tu: kazi ya programu hii inahitaji ruhusa hii? Ramani inahitaji kujua ulipo. Tochi haihitaji kusoma majina yako. Programu ya mkopo haina sababu ya kuziona picha zako. Ruhusa iliyokwisha kutolewa inaweza kunyang'anywa leo jioni, kwenye mipangilio, sehemu ya programu.

Kwa ulinzi wa laini na fedha, hatua ni chache na hazigharimu kitu. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ifutwe, maana uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utaanza kuulizwa kwako. Piga *#06# uandike namba ya utambulisho wa simu kwenye daftari lililoko nyumbani, kwa kuwa simu ikishaibwa huwezi kuisoma tena. Ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" upeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia namba 15040. Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au huduma nyingine yoyote haiombwi na mtumishi wa kweli kwa simu, hata akijitambulisha kwa jina la ofisi kubwa. Na kwa kuwa simu za hapa zinashirikiwa, kila programu yenye fedha iwe na kufuli lake mbali na kufuli la simu. Mama anayeweka fedha za kikoba kwenye laini yake anahitaji kufuli hilo, na kulihitaji kwake kusichukuliwe kuwa dalili ya kumficha mumewe jambo.

Nageukia wanaopinga. Wa kwanza atasema kwamba kampuni zimekwisha kutengeneza simu kwa ajili ya Waafrika, na hoja yangu imepitwa na wakati. Kuna ukweli ndani yake. Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 2006 na inayomiliki Tecno, itel na Infinix, ilijipatia soko hili kwa kuwasikiliza watu wake: iliweka sehemu za laini mbili kwa sababu tulikuwa tunabadilisha laini kila tunapopiga mtandao mwingine, ikatengeneza betri za kudumu, ikarekebisha kamera ili nyuso nyeusi zionekane vizuri. Mafanikio yake yanathibitisha kwamba mpangilio unaomjali mtumiaji una thamani kubwa. Lakini marekebisho hayo ni ya umbo la simu. Programu zinazokaa ndani yake, yaani WhatsApp, YouTube, Facebook, TikTok na duka la Google, zimepangwa na kampuni nyingine zinazopata fedha kutokana na muda wetu na matangazo. Betri kubwa haimzuii mtu kuchezewa video moja baada ya nyingine mpaka bando liishe.

Wa pili atasema kwamba mwanakijiji anatoshwa na kitochi, yaani simu ndogo ya kawaida. Huyu ana ushahidi mzito kuliko anavyojua. Robert Jensen alichunguza wavuvi wa Kerala nchini India kati ya mwaka 1997 na 2001, simu za kawaida zilipokuwa zikiingia. Wavuvi walipoweza kupiga simu wakiwa baharini na kuuliza bei za masoko kabla ya kuchagua pa kutia nanga, samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi waliacha kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8, na bei kwa walaji ikashuka kwa takriban asilimia 4. Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti wao wa mwaka 2016 kuhusu Kenya, walikadiria kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 katika umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya za nchi hiyo. Simu za Kerala zilikuwa za kupigia tu, na M-Pesa inatumika vizuri kwenye kitochi. Nakubali, basi, kwamba aliye na haja ya kupiga, kupokea fedha na kuuliza bei ya choroko au dengu hajakosa kitu kikubwa kwa kubaki na kitochi chake, na asikitupe hata akinunua simu janja, maana chaji yake hudumu siku kadhaa. Kile ambacho simu janja inaongeza ni kamera, sauti iliyohifadhiwa, ramani na maktaba. Mtu asiyevitumia vitu hivyo vinne amenunua kitochi ghali chenye chaji fupi. Pingamizi hili, likifuatwa hadi mwisho, linatupeleka kule kule kwenye kupanga upya simu iliyopo.

Wazazi watasema simu inaharibu watoto. Wasiwasi wao ni wa haki na sitaki kuupunguza. Ninachoomba ni kwamba tuuelekeze mahali pake. Kengele za arifa zinazolia kila dakika na video inayojianzisha yenyewe baada ya nyingine kwisha ni maamuzi ya mpangaji, na yote mawili yanaweza kuzimwa. Mzazi anayeificha simu kabatini mwezi mzima, kisha anaikabidhi ikiwa na mpangilio wake wa kiwandani siku ya likizo, hajamkinga mtoto. Anayezima arifa, akafuta programu zisizo na kazi, akaweka vitabu vya TIE kwenye ukurasa wa kwanza wa simu na kukaa chumba kimoja na mtoto anaposoma, amefanya zaidi.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote, na linatoka kwa wale wanaosema kwamba namtwika mnyonge mzigo wa serikali na kampuni. Minara, bei ya vifurushi na umeme havirekebishwi kwenye mipangilio ya simu. Ni kweli, na madai hayo yaendelee kutolewa kwa sauti. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa kazi hiyo, na mwaka 2023 ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Wananchi wana haki ya kumuuliza diwani na mbunge wao ni mingapi imewafikia. Hata hivyo mnara mpya ukisimama kesho, simu zenye mpangilio wa zamani zitakula bando kwa haraka zaidi. Video itakayopita kwa megabiti nne kwa sekunde itakula gigabaiti 1.8 kwa saa, na bei ya kifurushi itabaki ile ile. Uboreshaji wa mtandao bila mwenye simu kujua anachokilipia unampa nafuu muuza vifurushi kabla ya mkulima.

Ndiyo maana kazi hii ninaiona kuwa ya pamoja, na mahali pake pa asili ni kwenye AMCOS. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na wanachama hukutana kabla ya hapo kwa mambo mengine. Kwenye mkutano huo vijana wawili au watatu waliomaliza kidato cha nne wapewe meza na kazi: kuibadilisha lugha ya simu iwe Kiswahili, kuzima upakuaji wa WhatsApp, kuwasha Kiokoa Data, kukagua ruhusa za programu, kuandika namba ya utambulisho wa simu kwenye daftari la mwenyewe, kupakua ramani ya mkoa, na kuingiza Nuru kwa Quick Share kutoka simu moja iliyokwisha kuipakua. Chama kiwalipe, kwa sababu ni kazi halali na itarudisha fedha kwa wanachama msimu huo huo. Namba ya siri ya mtu yeyote wasiiulize, na mwenye simu akae mbele yao kioo kikiwa wazi mbele yake, ili mwakani aweze kufanya mwenyewe. Waanze na simu za wanachama wasiojua kusoma, kwa kuwa hao hawana njia nyingine ya kujua salio lao lilikwenda wapi.